Hatua mnahesabu, je huko juu mtini mmewahi kuangalia?

Mhariri salamu kwako na timu nzima. Naomba kanafasi niongelee ile makala yenu ya faida za kutembea, maana nimeisoma mpaka mwisho nikisubiri mtu ataje mti au hata shomoro mmoja, wapi! Ni hatua, mapigo ya moyo, kalori na viatu basi. Sibishi, ni mambo ya maana, ila jamani mtu anazunguka mtaa mzima masikio kaziba na muziki, macho kwenye simu, akirudi anakwambia leo nimefikisha hatua zangu, sasa muulize ule mti mkubwa wa pale kona una maua ya rangi gani, atakuuliza mti gani tena.

Na wengi wakisikia habari za kuangalia ndege akili inakimbilia mbugani, darubini na kofia pana. Hivi nani kawaambia ndege wanakaa porini tu?

Chukua mnana, yule ndege mdogo anayesuka kiota chake. Kama mtaani kwenu kuna mti wenye matawi yanayoning'inia na minana wapo, simama hapo kidogo tu. Dume anachana ukanda mwembamba wa jani bichi, anakuja nao mdomoni, anaufunga kwenye ncha ya tawi kwa mdomo na mguu, anaanza na duara moja tu la kusimama ndani yake, halafu kutokea hapo anasuka kuzunguka mwili wake mwenyewe mpaka chumba kinatimia, mlango unaangalia chini. Akimaliza ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mbawa na kelele nyiiingi kuita majike. Jike anakuja, anaingia, anakagua. Asiporidhika anaondoka zake, na nyumba ikikauka ikageuka kahawia bila mpangaji dume anaifumua mwenyewe anaanza upya. Kwa hiyo yale majani makavu mnayofagia chini ya mti kila asubuhi huku mnalaani, mengine ni nyumba zilizokataliwa na mwanamke. Mafundi wetu wa ujenzi sijui nani angevumilia hiyo.

Kunguru nao msiwachukulie poa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle mwaka 2006 walivaa kinyago, wakakamata kunguru kadhaa wa huko, wakawavika pete miguuni wakawaachia. Toka siku hiyo kila aliyepita na kile kinyago alizomewa, miaka inapita bado anazomewa, mpaka na kunguru ambao hawakukamatwa kabisa, yaani habari zilishaenea. Sasa we unayewarushia mawe halafu unashangaa mbona wananifokea mimi tu kila nikipita, shauri yako, sura yako wanayo.

Kuna watu watasema mtaani kwao ni kelele za magari tu hakuna cha kusikia. Wanaimba, tena wengine wanabadilisha uimbaji. Kule Leiden Uholanzi mwaka 2003 watafiti waligundua kuna ndege mdogo wa huko ambaye sehemu zenye makelele anapandisha sauti iwe nyembamba zaidi ili mngurumo wa magari usiimeze. Kama humjui anayeimba, ipo programu ya simu inaitwa Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure, inasikiliza sauti inakutajia jina, japo siyo ndege wote inawajua.

Ila kilichonifanya niandike hasa ni miti. Ukianza kuangalia juu unaona na mengine ambayo bora usingeyaona. Mti mzima unakatwa kichwa, linabaki gogo, wanakwambia tumeupunguza. Mti ukifanyiwa hivyo unachipua fasta vijiti kibao vilivyoshika juu juu tu, na pale ulipokatwa panaanza kuoza, vile vijiti vikinenepa ndo hivyo hivyo vinavyokatika upepo ukija, kwa hiyo aliyeogopa tawi kumwangukia kajitengenezea hatari kubwa kuliko ile ya mwanzo. Wengine wanamwaga simenti mpaka shinani kabisa, mti ukianza kukauka wanasema una ugonjwa. Ugonjwa gani? Mizizi mingi inayonyonya maji iko karibu na uso wa ardhi, inatambaa mbali kupita hata kivuli cha mti, na inahitaji hewa, umeipiga zege unategemea nini? Misumari ya mabango naiacha maana hasira zitanipanda.

Halafu lile tawi kavu, kama haliko juu ya njia au paa la mtu, liacheni. Kigogota anatoboa shimo humo anataga, akihama wanaingia wengine wasio na mdomo wa kutoboa. Na miti yenyewe mingine ni hao hao ndege wameipanda, ule mkuyu mdogo ulioota kwenye ufa wa ukuta ghorofani unadhani nani alipanda ngazi kwenda kuupanda? Kuna mtu alikula tunda huko alikokula, akaja kunya hapo.

Ombi langu kwenu, kwenye ule ukurasa wa afya tengeni kasehemu msomaji atume alichokiona mtaani kwake wiki hiyo, mti gani umetoa maua, nani kaanza kujenga. Na ndugu zangu wenye mapanga, kabla hujapanda mtini simama chini kama dakika kumi uangalie. Ukiona ndege anaenda anarudi pale pale na mdudu mdomoni, hapo kuna makinda. Ndege wadogo wengi makinda wao wanaruka ndani ya wiki mbili au tatu tu toka waanguliwe, rudi baadaye na panga lako, tawi utalikuta.

Ni mimi msomaji wenu.