Kwani kuchagua lugha ya programu nako kunalipiwa?

Hili swali limeulizwa mpaka tumechoka, bora tulijibu hapa. Mteja anataka programu ya kusimamia databesi zake, yaani wahudumu waone majedwali, warekebishe rekodi, wachukue bakapu. Tunamtumia ankara, mstari wa kwanza umeandikwa "uchunguzi na kuchagua lugha na jukwaa", basi hapo hapo moto unawaka. Mmoja juzi katuambia wazi kwamba tumemla hela, maana mpwa wake anayesoma kompyuta kamwambia lugha ni lugha tu, chukua JavaScript, ifunge na Electron (zana ya kugeuza kurasa za wavuti kuwa programu ya kompyuta), wikiendi moja kazi imeisha.

Hatugombani na mpwa, na JavaScript tunaandika kila siku. Ila namba ya kawaida ya JavaScript inashika namba nzima bila kukosea mpaka 9007199254740991 basi, wakati BIGINT, yaani kolamu ya namba nzima kubwa kwenye databesi kama MySQL au PostgreSQL, inafika 9223372036854775807. Hiyo tofauti imeshatupa kazi nyingi kuliko tangazo lolote. Kuna mteja alitupigia akilalamika kwamba wahudumu wanarekebisha rekodi, wanabonyeza hifadhi, ujumbe wa kijani unatokea "imefanikiwa", wakirudi kuangalia hakuna kilichobadilika. Tukaweka databesi na skrini yake pembeni kwa pembeni. Kwenye databesi ID ni 9007199254740993, kwenye skrini ni 9007199254740992! Programu inatuma UPDATE (amri ya kurekebisha rekodi) kwa ID isiyokuwepo, mistari sifuri inaguswa, na aliyeandika hakuhangaika kuhesabu mistari iliyoguswa. Na pale ambapo ID ya jirani ilikuwepo kweli, taarifa za mtu mmoja zilikuwa zimeandikwa juu ya za mwingine.

Kinachouma zaidi ni kwamba draiva (kiunganishi cha programu na databesi) ya PostgreSQL inayotumika sana kwenye Node, yaani JavaScript ya nje ya brauza, inarudisha BIGINT kama maandishi, makusudi kabisa, ili haya yasitokee. Yule developa akaona maandishi yanamsumbua kwenye kupanga orodha, akayageuza namba. Kusafisha zile rekodi kukachukua muda mrefu kuliko kuandika programu nzima upya, na hiyo bili hakuna aliyeifurahia, hata sisi.

Njia ya mkato ya pili ni "wekeni kwenye brauza tu, mtu afungue popote". Sawa, inawezekana, na kwa kazi nyingi ndiyo tunayoshauri. Lakini PHP (lugha ya upande wa seva) ikiwa mipangilio yake haijaguswa inapokea faili la megabaiti 2 tu, na mteja anakuja na dampu (faili la nakala ya databesi) la giga kadhaa. Ukiweka nginx (seva ya wavuti inayopitisha maombi) katikati, nayo kwa kawaida inasubiri jibu sekunde 60 halafu inakata. Sasa mhudumu kaongeza kolamu kwenye jedwali kubwa, brauza ikamletea kosa, akadhani imeshindikana akabonyeza tena, kumbe ile ALTER (amri ya kubadilisha jedwali) ya kwanza bado inaendelea kwenye seva na ya pili imepanga foleni nyuma yake ikisubiri kufuli, na kila kweri (ombi la data) inayokuja kwenye jedwali hilo nayo inapanga foleni. Mfumo wote umesimama na kila mtu anasema databesi ni mbovu. Kazi za namna hiyo zinatakiwa ziende kwenye foleni ya nyuma, brauza iwe inauliza tu imefika wapi, na huo ni msimbo wa kuandikwa, hauji bure.

Wengine wakikimbia brauza wanataka programu ya mezani, halafu ili iunganike wanafungua poti 3306 (mlango wa kawaida wa MySQL) kwa dunia nzima. Hapo huwa tunakataa kazi, kweli tunakataa, mpaka wakubali kupita kwenye handaki la SSH au VPN, yaani njia iliyofichwa kwa usimbaji.

Kwa hiyo tunachaguaje? Ukiwa na databesi za aina tofauti tofauti tunaelekea Java, kwa sababu karibu kila databesi ina draiva ya JDBC (njia ya Java ya kuunganika na databesi), na DBeaver, programu maarufu ya kusimamia databesi, imejengwa hivyo hivyo. Ukiwa na PostgreSQL peke yake na watu wote wako mtandao mmoja wa ndani, Python inatosha na matengenezo yake ni mepesi. Hata pgAdmin, programu ya kusimamia PostgreSQL, toleo la 3 ilikuwa C++, la 4 likaandikwa upya kwa Python na JavaScript likatoka 2016, sasa kama wenyewe walilazimika kuanza upya usishangae sisi tukitaka kufikiri kabla. Kale kaprogramu ka bakapu kanakokaa kwenye seva tunaandika kwa Go, faili moja unakopi linafanya kazi, hakuna cha kuinstoli.

Ukitaka bei bila kuzungushana tutumie aina ya databesi, ukubwa wa jedwali kubwa kuliko yote, na kompyuta za wahudumu ni Windows, Linux au mchanganyiko. Toleo la seva liandike kamili tafadhali, usiandike "la karibuni", maana bakapu ya PostgreSQL tunaichukua kwa zana yake ya pg_dump na yenyewe inakataa kabisa seva yenye toleo kubwa kuliko lake.