Kwa nini tunakuja na ndoo na vitambaa, si na pampu

Lalamiko hili linarudi kila ugonjwa mpya unapoingia mjini. Msimamizi wa nyumba ya wazee anatupigia simu kesho yake, na sauti ni ya mtu aliyeibiwa: "Tuliwalipa muue vijidudu, mukakuja na beseni na savoni. Hata harufu ya javeli hatuisikie. Wale wengine wanapuliza nyumba yote kwa nusu saa, na beyi yao ni nusu ya yenu. Ile njo kazi?"

Ndiyo kazi, mama. Na kwa kuwa swali hili tumelijibu kwa simu mpaka kredi imekwisha, leo tunalijibu kwa maandishi ili kila mteja asome kabla ya kutuita.

Sisi ni kampuni ndogo ya usafi hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Tunafanya shule, vituo vya afya, na nyumba chache zinazolea wazee na watu wenye ulemavu, nyingi zikiwa mikononi mwa masista. Kazi ya klorini (javeli ni klorini ya maji) tuliijua vizuri wakati wa Ebola ile iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alithibitishwa hapa mjini, na tangu siku hiyo kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba, na kila mtu aliona kwa macho yake watu wenye nguo nyeupe na pampu ya kupulizia dawa mgongoni. Picha hiyo imebaki vichwani. Ilipokuja Korona, watu walitaka pampu. Ilipokuja mpox, ule ugonjwa wa vipele, wametaka pampu tena.

Pampu ilikuwa na kazi yake kwenye timu za mazishi na kwenye damu ya mgonjwa wa Ebola. Chumba wanamolala wazee wanane ni jambo jingine. Klorini inakula kila uchafu unaoikuta njiani: mafuta ya mikono, uji uliomwagika, mate, vumbi jeusi la lava ambalo hapa kwetu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ukipuliza juu ya uchafu, nguvu yote inaishia kwenye uchafu, na kidudu kilichojificha chini yake kinabaki salama. Matone hayafiki chini ya ukingo wa kitanda wala nyuma ya kitasa, na yanakauka kabla ya kufanya kazi. Mvuke wake unaingia kwenye vifua vya watu wenye miaka themanini, wengine wana pumu. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Mei 2020 kwamba kupuliza dawa ndani ya nyumba hakufai kama njia ya kawaida dhidi ya Korona, na kwamba mtu hapulizwi kamwe. Bado mwaka uliofuata tulikuta nyumba ambamo wageni walipulizwa viatu, suruali na mikono getini.

Basi sisi tunaosha kwanza kwa maji na sabuni, tunasugua, tunasuuza, halafu ndipo klorini inapita kwa kitambaa kilicholowa, na tunaiacha dakika 10 kabla ya kufuta. Vyuma tunavirudia kwa maji matupu, la sivyo vitaoza. Kuna nyumba ilipulizwa kila wiki kwa miezi kadhaa mpaka miguu ya vitanda ikashika kutu na magurudumu ya viti vya walemavu yakakataa kuzunguka. Walitupigia simu wakiuliza kama tunajua fundi wa kuchomelea. Pesa ya fundi ingetulipa sisi mara nyingi.

Kiasi tunachokoroga ni hiki: klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, vijiko viwili vya supu vilivyosawazishwa kwa maji ya lita 20, kwa sakafu, meza na vitanda. Palipo damu, matapishi au kinyesi, tunatoa kwanza uchafu wenyewe, halafu vijiko kumi kwa lita 20 zilezile. Tunakoroga upya kila asubuhi, kwa sababu ya jana imekwisha nguvu. Mteja akituambia "tuna javeli yetu, mutupunguzie," tunaomba kuiona. Mara nyingi ni chupa ya maji iliyojazwa sokoni, haina karatasi, imekaa juani, na hakuna anayejua ndani kuna asilimia ngapi. Hatuitumii. Maji nayo yana hesabu yake. Bidoni (dumu) la maji yaliyochotwa ziwani tunaiacha itulie na kuichuja kwa kitambaa safi, maana maji yenye matope yanameza klorini kabla haijafika mezani. Ndiyo maana faktura (ankara) ina mstari wa maji peke yake.

Nyumba za mbao ndizo zinazochukua muda kuliko zote. Mbao haioshwi kama kigae. Inanyonya, ina nyufa, na ukiijaza maji inaoza. Ukuta ambao hakuna anayeushika tunaufuta vumbi tu. Nguvu tunaipeleka kwenye mbao inayoguswa: ile ya mlangoni kwenye urefu wa mkono, ile ya kichwani mwa kitanda anapojishikilia mzee akiinuka. Ukiangalia vizuri utaiona yenyewe, inang'aa na imebadilika rangi kwa mikono ya miaka mingi. Vivyo hivyo fimbo. Fimbo ya mzee inashikwa naye, inaokotwa na mlezi, inapitishwa kwa jirani anayetaka kwenda nje mara moja, na wengi wamefunga kipande cha kitambaa au mpira juu yake ili isiteleze. Kitambaa hicho hakijafunguliwa tangu kilipofungwa. Sisi tunakifungua, tunaosha fimbo, tunakausha, tunafunga kitambaa kipya mbele ya mwenyewe, kwa namna anayoitaka yeye. Hapo inakwenda robo saa kwa fimbo moja. Kisha redio inayozunguka wakati wa habari, rozari, mpini wa termosi, rimoti. Mtu wa pampu hivi vyote anavipita.

Kuna nyumba moja walijaribu kujiokoa bei kwa kufanya wenyewe. Mlezi alimwaga javeli kali ndani ya ndoo za usiku zikiwa bado na mkojo, akafunga dirisha "ili dawa ishike". Javeli ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na koo. Chumba kizima kilianza kukohoa usiku, na asubuhi wote walihesabiwa kuwa wagonjwa wa Korona. Ndoo ya usiku inamwagwa kwanza, inaoshwa kwa sabuni, ndipo klorini inaingia. Na klorini haichanganywi na dawa ya choo ya asidi, hata kidogo.

Sasa upande wa vipimo vya ugonjwa, kwa sababu hapa ndipo wateja wanapotuomba kitu ambacho hatuwezi kuuza. Wanaomba cheti kwamba nyumba haina virusi. Hatutoi. Tunachoandika ni tarehe, vyumba tulivyoosha, dawa na kiasi chake, na sahihi mbili. Aliyeingia baada yetu akiwa na ugonjwa, karatasi yetu haimzuii.

Kupima watu ni kazi ya muuguzi na ya zoni ya afya. Ila tumekaa ndani ya nyumba hizi vya kutosha kuona mahali mambo yanapoharibika. TDR ya Korona, yaani kipimo cha haraka cha kaseti, inasomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, kwa kawaida kati ya dakika 15 na 30. Kwenye nyumba moja kaseti ziliachwa mezani mpaka jioni, mtu akapita akaona mstari mwembamba, na mzee wa watu akahamishwa usiku ule kwenye chumba cha wagonjwa, karibu na wagonjwa wa kweli. Mstari uliojitokeza baada ya muda hausomwi. Unapima upya.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani liliweka kwa vipimo hivi ni kugundua angalau wagonjwa 80 katika 100. Maana yake hata kipimo kizuri kinaweza kuwaacha wagonjwa 20 waende zao na jibu la "hapana". Mlinzi wa usiku anakohoa, anapimwa, jibu ni hapana, anarudishwa zamu na kufunga geti kwa mikono ileile inayopokea chakula cha wazee. Mwenye dalili anakaa pembeni hata jibu likiwa hapana, anapimwa tena, na ikiwezekana sampuli inakwenda kwa PCR, kipimo cha maabara, maana maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, tunayo hapahapa Goma. Kwa mpox ndiyo kabisa: sampuli inachukuliwa kwenye kipele chenyewe na kupelekwa PCR. Anayekuuzia kipimo cha mpox cha dakika kumi, muulize karatasi zake.

Kipimajoto cha getini nacho kimewapa watu usingizi wa bure. Mzee anaweza kuwa na Korona bila homa. Walezi wazuri tunaowajua wanaangalia mengine: mzee aliyekuwa akimaliza ugali wake leo ameusukuma, aliyekuwa akitaja majina ya wajukuu leo anachanganya, aliyekuwa akitembea leo ameanguka mara mbili. Huyo apimwe leo, hata kama kipimajoto kinasema 36.

Na ugonjwa hauingii na wazee, kwa kuwa wao hawatoki. Unaingia na sisi tunaotoka. Machi 2020, kwenye nyumba moja ya kulea wazee katika kaunti ya King, jimbo la Washington huko Marekani, walipimwa karibu wakazi wote. Wakapatikana 23 wenye virusi, na zaidi ya nusu yao siku ile hawakuwa na dalili yoyote. Wachunguzi wa eneo lile walikuta pia kwamba wafanyakazi waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja walisaidia kuusambaza ugonjwa. Kwa ajili hiyo watu wetu wanaofanya nyumba ya wazee asubuhi hawaendi nyumba nyingine ya wazee jioni. Tunawalipa siku nzima, hata kazi ikiisha saa nane. Mwenye kikohozi anabaki nyumbani na analipwa, kwa sababu asiyelipwa ataficha kikohozi chake aje. Hii ndiyo sababu kubwa ya bei yetu, na ndiyo wateja wanayotaka tuiondoe kwanza. Hatuiondoi.

Na ninyi mnaoendesha nyumba, tunawaomba hesabu ileile kwa walezi wenu. Mama anayelea wazee kwenu mchana na kulala zamu kwenye kituo kingine usiku hafanyi hivyo kwa kupenda. Mshahara ndio unamtuma.

Mpox imeongeza kazi ya mashuka. Tangu aina ile ya virusi iliyoanza kuonekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023 ilipofika huku, na Shirika la Afya Duniani kutangaza hali ya dharura Agosti 2024, tumekuwa tukirudia jambo moja katika kila nyumba: shuka la mgonjwa halikung'utwi. Magamba ya vipele yana virusi, nayo yanaruka. Tulifika mahali tukakuta mablanketi yanapigwa kwa fimbo juu ya ukuta wa mawe, vumbi likirudi kwenye baraza waliko wazee wakiota jua. Shuka linakunjwa polepole, uchafu ndani, linaingizwa kwenye mfuko hapohapo kitandani, linafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, linaanikwa juani. Godoro lisilo na plastiki hatuwezi kuliosha vizuri. Nunueni plastiki za magodoro kabla ya kutuita, zitawagharimu kidogo kuliko magodoro mapya.

Madirisha tunayafungua. Tunajua usiku wa Goma ni baridi na wazee hawapendi upepo, kwa hiyo tunafungua pande mbili za chumba wakati wako nje kwenye chai, na tunafunga kabla hawajarudi. Jumapili wageni wakae uani au barazani, wakiwa na maski, na chakula chao kipokelewe. Kufunga geti miezi na miezi sisi hatukushauri. Tumemwona mzee aliyeacha kula kwa sababu binti yake hakuonekana tena, na kwake hakuna kipimo kilichosema kitu.

Mkitaka kutuita: mtuambie kwanza kama kuna mgonjwa ndani na yuko chumba gani, bila aibu, kwa sababu chumba hicho tunakifanya mwisho, na vitambaa vyake havitoki kwenda chumba kingine. Muuguzi wenu awepo. Bei ya simu hatutoi. Tunakuja kuona nyumba, tunahesabu vitanda, milango na fimbo, ndipo tunaandika devi (makisio ya bei). Kuja kuona ni bure ndani ya mji.