Atu, hiyo juisi iache kwanza

Atu mpenzi,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi tu wazima, mvua zimeanza na mbu wamekuja nazo. Mama Beka anakusalimu, anasema lile deni hajalisahau, nawe usijifanye umelisahau.

Picha ya keki nimeipata. Katikati imedidimia, pembeni imepanda ikapasuka, na unasema chini ilikuwa mbichi. Sasa kabla hujanunua unga mwingine nisikilize, maana Pasaka hiyo inabisha hodi na wewe umeshawatangazia kwaya nzima kwamba baada ya ibada watakula keki ya chokoleti na machungwa, tena ya matabaka matatu. Nani alikutuma, sijui.

Tuanze na juisi. Eti umetoa mtindi ukaweka juisi kikombe kizima ili ladha ikolee! Haikolei, mwaya. Harufu ya juisi nyingi inaondoka na mvuke ndani ya oveni, na kidogo kinachobaki kinamezwa na kakao. Halafu ile asidi yake ikikutana na beking soda, povu linaanza hapohapo kwenye bakuli. Ukichelewa kidogo kuingiza keki motoni, gesi imeshaisha. Chungwa lenyewe liko kwenye ganda. Hebu minya kipande cha ganda karibu na moto wa mshumaa uone cheche zinavyoruka: hayo ndiyo mafuta, na ndiyo tunayoyataka.

Kwa hiyo osha machungwa matatu, yakaushe, ukwangue ganda kwa upande wa kikwangulio wenye matundu madogo. Ukiona nyeupe, geuza chungwa, kwa sababu ile nyeupe ni chungu na haifichiki. Hayo makwangu yasugue kwa vidole ndani ya sukari ya keki mpaka sukari ilowe kama mchanga wa ufukweni na jikoni kote kunukie. Usiruke hatua hii. Kuyatupia tu kwenye unga mwishoni si sawa hata kidogo, mafuta yanabaki yamejifungia.

Kuhusu kudidimia, lawama nyingine ni ya mlima. Vipimo nilivyokupa ni vya huku pwani. Mbeya mko mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hewa ni nyepesi, gesi inatanuka zaidi, keki inapanda mbio kabla unga na mayai havijashika. Ikifika juu haina cha kuishikilia, inaporomoka. Watu wengi wakiona hivyo wanaongeza beking pauda, na ndiyo inazidi kuharibika.

Basi andika upya. Unga wa ngano gramu 275, sukari 320, kakao 75, beking soda kijiko kimoja cha chai, beking pauda robo tatu ya kijiko, chumvi nusu kijiko. Mayai matatu, mtindi mililita 240, mafuta ya kupikia 120, na maji yanayochemka 240. (Kakao inalimwa Kyela hapo mlangoni kwenu, nasi tunanunua ya kopo iliyotoka nje. Tuyaache hayo.) Maji ya moto mimina juu ya kakao peke yake, koroga, iache ipoe kidogo, hapo ndipo inatoa rangi na ladha. Vikavu vichekeche, ndipo uchanganye na ile sukari ya machungwa, vya majimaji vichanganye pembeni, kisha unganisha vyote na ukoroge mpaka unga mkavu usionekane, basi. Uji wake ni mwepesi, utaona kama umekosea. Usiongeze unga!

Gawa kwa mzani, gramu 470 hivi kila chombo cha sentimita 20, chini umeweka karatasi. Oveni nyuzi 180, dakika 25 mpaka 28, na mlango usiufungue kabla ya dakika ya 20. Kama ni jiko la mkaa, makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini, uoke moja moja. Ile mbichi ya chini uliyoipata sidhani ni moto mdogo, nadhani uliitoa mapema baada ya kuona juu imekauka. Choma katikati kwa kijiti. Kikitoka na chembe mbili tatu zenye unyevu, toa. Kikitoka kikavu kabisa, umechelewa. Ipoe dakika kumi ndani ya chombo ndipo uigeuze.

Sasa juisi, maana najua bado unaililia. Kazi yake ipo. Chemsha mililita 100 na sukari gramu 60 dakika tatu, kisha pakaa kila tabaka vijiko viwili vitatu vya chakula keki ikiwa bado na uvuguvugu. Nyingine, vijiko viwili tu, inaingia kwenye krimu ya katikati: siagi gramu 250 iliyolainika, sukari ya unga 400, piga mpaka iwe nyeupe, juisi kidogo kidogo. Krimu ikikatika kama maziwa yaliyoganda, siagi ilikuwa baridi, na kwa baridi ya kwenu itakatika tu. Weka bakuli juu ya mvuke sekunde chache, piga tena, itarudi. Ila makwangu usiyaweke humo. Machungwa yetu, hasa haya ya Muheza, yameiva na ganda bado la kijani kwa sababu usiku wa pwani haupoi. Ndani ya keki hakuna atakayejua, ila kwenye krimu nyeupe watu watadhani umetia mchicha.

Ya nje ni ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu ya maziwa ya moto. Hiyo krimu ya maziwa mililita 200 pasha isichemke, tia ganda la chungwa moja, funika dakika 20, chuja. Pasha tena, mimina juu ya chokoleti nyeusi gramu 300 iliyokatwakatwa, subiri dakika mbili, koroga kuanzia katikati. Soma nyuma ya pakiti: kama mafuta ya mawese yametangulia, hiyo siyo chokoleti ninayoisema. Na juisi usiitie hapa! Ladha ya chungwa imeshatoka kwenye ganda. Isubiri mpaka ipakike kwa kisu. Ukiimwaga ya moto, krimu ya katikati itakimbia.

Oka Alhamisi, funga kila tabaka kwenye nailoni. Ya mafuta haikauki upesi kama ya siagi. Ijumaa Kuu uende kanisani kwa amani, Jumamosi upange na kupaka. Vipande vya machungwa vya sukari vya kupamba viweke asubuhi ya Pasaka yenyewe, vikilala juu ya keki vinatoa maji.

Haya, nijibu kabla ya Jumapili ya Matawi: vyombo vyako ni vya sentimita 20 kweli au ni vile vipana vya Salome? Mzani unao, au unapima kwa kikombe cha chai? Kwaya ni watu wangapi? Wakizidi 25 vipande vitakuwa vyembamba, utahitaji mbili. Machungwa huko mnapata ya wapi siku hizi? Na yule fundi alishatengeneza mlango wa oveni au bado mnaegemeza tofali? Na mchele wangu wa Kyela je, uko kwenye basi au uko kwenye ahadi?

Wako,
Rehema