Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: tuletee yule Afisa Ustawi wa Jamii

Mheshimiwa Diwani,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama mwenye cherehani nne, karibu na soko la Kilombero hapa Arusha. Ulipokuja kuomba kura ulikaa kwenye benchi letu, ukaahidi kwamba Afisa Ustawi wa Jamii atakuwa anapita kwetu mafundi wadogo kutusikiliza na kutupa elimu. Hajapita. Nimekuja ofisini kwako mara mbili, nikaambiwa uko kikaoni. Ndiyo maana leo naandika mbele za watu.

Jumatatu iliyopita fundi wangu alikaa sakafuni, shati la shule mapajani, kola imeshonwa upande mmoja, akashindwa kunyanyuka. Hata kulia hakulia. Chai niliyomwekea ilipoa mpaka ikafanya utando. Huyu ndiye alikuwa mwepesi kuliko wote, lakini tangu Januari kola moja anaifumua mara tatu. Nikamwita mvivu. Nikamkata na pesa. Wenzake wakasema ana mawazo ya mwanaume, jirani akasema karogwa. Tulipomfikisha hospitali ya Mount Meru, daktari akasema ni sonona, ugonjwa wa afya ya akili, na inatibika kwa ushauri na dawa. Akanitajia dalili: kukosa usingizi, kuchoka, kutofurahia chochote kwa wiki mbili na zaidi. Zote nilikuwa naziona kila siku, mita moja kutoka kwangu.

Nahisi msimu wa sare ndio uliommaliza. Desemba na Januari tuliingia saa mbili asubuhi, tukatoka saa nne usiku, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wavumilie. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na mgonjwa ana siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Nimeyajua haya wiki hii, mtu akiwa ameshaanguka. Kampuni kubwa ina afisa utumishi wa kuyasema. Kwangu bosi ni mimi, mhasibu ni mimi, anayefokewa na wateja ni mimi. Na mimi pia usiku silali, Mheshimiwa.

Vikundi vinavyoomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake, hufundishwa kwanza kutunza hesabu. Saa moja tu ya kufundishwa kumtambua mwenzako aliyeelemewa ingeshindikana vipi hapo? Hela siombi, jengo siombi. Namwomba Afisa uliyetuahidi, hata mara moja kwa mwezi, akae kwenye benchi lile lile ulilokalia wewe. Uliahidi, na mafundi wote walisikia.

Binti ana kliniki tena mwezi ujao. Cherehani yake nimeifunika kitambaa, sijampa mtu. Tuletee Afisa, Mheshimiwa.

Wako mpiga kura,
Fundi cherehani, Arusha