Mjomba, kabla hujautia moto ule mteremko

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika hadharani jambo ambalo kwa desturi yetu lingesemewa mkekani, mbele ya wazee. Nimefanya hivyo kwa sababu maneno uliyoniambia kwenye simu si yako peke yako. Nimeyasikia Masasi, nimeyasikia Mtama, tena kwa watu wanaoijua Biblia kuliko mimi: dunia hii inapita, mwisho wake ni kuteketezwa kwa moto, kwa hiyo Mkristo ahangaikie roho yake, mambo ya miti awaachie wengine. Ukamalizia kwamba msimu huu utafyeka mteremko ulio juu ya chemchemi, upande ufuta.

Najua husemi hivyo kwa uchoyo. Ufuta unaiva ndani ya miezi michache, unakwenda mnadani, hela inaingia, ada inalipwa. Tena unapenda shamba jipya, maana ardhi iliyochoka haitoi kitu. Hesabu hiyo naielewa, na sitaungana na mtu wa mjini anayekuita mharibifu huku chakula chake kinapikwa kwa mkaa uliotoka huku kwetu.

Ninachokataa ni kumwingiza Mungu katika hesabu hiyo.

Habari ya moto umeitoa katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya tatu. Isome yote, mjomba. Petro anautaja moto huo sambamba na gharika ya Nuhu. Gharika iliangamiza uovu, lakini nchi haikufutwa. Maji yalipopungua, Nuhu alitoka safinani akakanyaga ardhi ileile, akapanda mizabibu. Na agano la Mwanzo 9 halikuwa la Nuhu na wanawe tu. Mungu alilifanya na ndege, na mifugo, na kila mnyama wa mwitu, hata upinde ukawa ishara ya agano kati yake na nchi. Baada ya moto, Petro anaahidi mbingu mpya na nchi mpya ambamo haki inakaa. Nimetafuta humo ruhusa ya kuiharibu hii tuliyo nayo, sikuiona.

Kuna jambo jingine katika sura ya kwanza ya Mwanzo linalonigusa kila ninapolisoma. Ile baraka ya kuzaa na kuongezeka tunaitaja kana kwamba ni yetu. Samaki na ndege waliipata kabla yetu, siku ya tano, mtu akiwa bado hajaumbwa. Sasa fikiria pwani ya Mtwara, ambako baruti imevunja matumbawe kwa miaka mingi. Anayelipua mwamba anaua wakubwa na wadogo pamoja na pale wanapozaliana. Hiyo kwangu ni dhambi, na ningependa kuisikia ikitajwa mimbarani kama tunavyousikia ulevi na uzinzi.

Basi mtu aliwekwa duniani afanye nini? Mwanzo 2:15 inasema aliwekwa bustanini “ailime na kuitunza.” Yote mawili kwa pamoja. Wewe huhitaji padri akueleze maana yake, kwa sababu ndiyo kazi uliyoifanya maisha yako yote. Sisi tunahesabu ukoo upande wa mama. Ardhi ile hukuinunua, uliipokea kwa mjomba wako, nawe unaishika kwa ajili ya watoto wa dada zako. Unailima, unakula, unasomesha, lakini sijawahi kukusikia ukisema ni yako ya kufanya utakavyo. Zaburi ya 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA. Naamini binadamu amewekwa duniani kama wewe ulivyowekwa kwenye ardhi ya ukoo.

Mteremko ule wenyewe unaujua kunizidi. Juu, uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha inazama. Ndiyo maana kina mama wa kule juu walikuwa wakishuka mbali kufuata maji, yanatokea huku chini, kama pale Ndanda ambapo watawa Wakatoliki wa Wabenediktini waliweka misheni yao mwaka 1906. Miti ndiyo inayoyapunguza maji kasi yazame. Mteremko ukibaki uchi, mvua kubwa itabeba udongo mpaka mto Lukuledi. Misimu miwili mitatu ardhi itachoka, utahamisha ufuta kwingine. Chemchemi utaihamishia wapi?

Na mvua kubwa hatuzingoji tena kwa miaka mingi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitupita karibu kikaenda kuwapiga ndugu zetu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mei 2024 kikaja Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga. Bahari inapopata joto, vimbunga vinapata nguvu, na joto hilo kwa sehemu kubwa limeletwa na moshi wa nchi tajiri. Papa Fransisko aliliandika waziwazi mwaka 2015 katika Laudato Si', waraka wake juu ya kuitunza dunia, kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja. Wenye viwanda wana deni kubwa kwetu na lazima tulidai. Lakini mteremko wetu hauko mikononi mwao.

Ombi langu ni hili. Uache kuanzia pale kwenye mwembe mkubwa kwenda juu. Mashamba ya zamani ya chini tuyapande mbaazi, zirudishe rutuba, ufuta ufuate baadaye. Mimi na wadogo zangu tutachangia vibarua, na ada ya msimu huu tutasaidiana. Kule juu tutundike mizinga ya nyuki.

Kama hukubaliani, itisha kikao cha ukoo, nami nitakuja tuyaseme mbele ya bibi na wazee wote. Ninachoomba ni usiwashe moto kabla ya kikao hicho.

Mpwa wako