Kadi yangu ya afya haiwezi kumlipia Mama miwani

Mhariri,

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Ngamiani, Tanga. Baada ya shikamoo na habari za mvua akasema: "Mjomba, nasikia huko mnapewa kadi ya afya, inalipa miwani bure. Mimi ubaoni sioni kitu. Nitumie namba ya hiyo kadi tu." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka mitatu iliyopita na mimi nilikuwa na akili hiyo hiyo, na ilinitoka dola 192.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kwa kuwa maneno haya yanazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, ya nyumbani na ya sisi tulio huku, na kila anayeyapitisha anatia chumvi yake.

Mimi ni dereva wa trela, Houston, Texas. Kadi hiyo ninayo kweli. Lakini si bima, wala si ya serikali. Ni kadi ya benki kama nyingine, na pesa iliyomo ni mshahara wangu mwenyewe: dola 50 kila wiki mbili, zinazotolewa kabla kodi haijanyofoa chake. Wenyewe wanaiita HSA, yaani akaunti ya akiba ya afya. Sheria yake ilitiwa saini na Rais George W. Bush Desemba 2003. Huwezi kuweka pesa humo kama huna bima ya aina fulani, ile ambayo makato yake ya mwezi ni nafuu lakini ukiugua unaanza kujilipia wewe. Kwa mtu mmoja, mwaka huu wa 2026, si chini ya dola 1,700 mfukoni mwako kabla bima haijaanza kushika bili, ukiacha vipimo vya kinga. Akiba ndiyo ya kuchota siku hiyo.

Mwaka wa kwanza sikuigusa. Nilidhani ni matangazo ya benki, nikaitupia kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Kilichonizindua ni macho.

Dereva wa magari makubwa yanayovuka majimbo lazima apimwe afya angalau kila miaka 2, na kwa macho wanataka 20/40 kila jicho, yaani ukiwa futi 20 uone kile mwenye macho mazima anachokiona akiwa futi 40, uwe na miwani au usiwe nayo. Kwa hesabu ya nyumbani, ya mita, ni 6/12. Nilisimama mbele ya ubao wa herufi, jicho la kulia likapita. La kushoto, ule mstari niliuona kama sisimizi wanaogombea sukari. Mama aliyekuwa akinipima akaniambia kwa upole nirudi na miwani. Bila miwani hakuna cheti, na bila cheti gari linalala yadi. Moyoni nilikuwa nikijua: usiku, barabara ya I-45 kwenda Dallas, vibao vya njia za kutokea nilikuwa navisoma nikiwa nimeshavipita.

Nikaenda duka la miwani. Kupima dola 85, fremu na lenzi dola 240. Nikaikumbuka kadi ya kwenye droo, ikapita bila tabu. Si bure, ni pesa yangu, ila kwa mshahara wangu kila dola 100 ninayoweka humo inaniokolea karibu dola 20 za kodi na makato ya uzeeni. Kupima macho, miwani yenye namba za daktari, lenzi za kuvaa ndani ya jicho na maji yake ya kuoshea, hata upasuaji wa leza, vyote vinalipika. Miwani ya jua nayo inalipika kama ina namba za daktari; ya urembo hapana. Siku ile nilichukua na ya urembo, dola 28, muuzaji akataka kuipitisha humo humo. Nikalipa taslimu. Msinione mjuzi, niliona aibu tu kununulia urembo kwa kadi iliyoandikwa afya. Mashine ya dukani haina habari na tofauti hiyo. Atakayeulizwa ni wewe, na atakayeuliza ni IRS, mamlaka ya kodi, ndiyo TRA ya huku.

Sasa hizo dola 192. Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kisha akaandikiwa miwani. Jumla ilifika kama dola 600. Nikatuma, nikaomba risiti zote, zikaja zimepigwa picha juu ya mkeka, mihuri yake inasomeka. Nikajirudishia dola 600 kutoka kwenye akaunti, nikajiona mjanja. Jicho si jicho?

Wakati wa kufunga hesabu za kodi nilikwenda kwa fundi wa makaratasi hayo, Mkenya wa Mombasa. Akafika kwenye fomu 8889, ndiyo ya akaunti hizi. "Hizi mia sita za nani?" Za Mama. "Mama yuko wapi?" Tanga. Akavua miwani yake, akaiweka mezani. "Ndugu yangu, mama wa Tanga hahesabiki."

Akanieleza. Akaunti inakulipia wewe, mumeo au mkeo, na wale unaowatunza wanaotambuliwa na sheria ya kodi. Mzazi anaweza kuwamo, ila sharti awe raia au mkazi wa Marekani, au awe anaishi Canada au Mexico. Maana yake Mama angekuwa anaishi Tijuana, tungekaa tukaanza kuulizana nani anamlisha. Kwa kuwa yuko Tanga, maswali yameishia hapo. Zile 600 zikahesabiwa ni mshahara: kodi asilimia 12, dola 72. Juu yake faini ya asilimia 20 kwa kutoa pesa nje ya matibabu yanayokubalika, dola 120.

Aliyechota akanunua televisheni, apigwe faini, sina neno. Lakini anayemtibu mama yake macho kutozwa sawasawa na mwenye televisheni, hilo sikubaliani nalo hata leo, na siku nitakayopata kura nitamuuliza mgombea. Kwa sasa sheria ndiyo hiyo, na karatasi ya masharti niliisaini bila kuisoma.

Kwa wenzangu wa huku: msiichanganye na FSA, akaunti nyingine ya afya inayopitia kazini. Pesa ya FSA usiyoitumia, kwa kawaida sehemu kubwa inapotea mwaka ukiisha, ndiyo maana Desemba maduka ya miwani yanajaa kama siku ya mgao. HSA haiozi, na ukiacha kazi unaondoka nayo. Risiti hulazimiki kuidai mwaka ule ule, mradi matumizi yamefanyika akaunti ikiwa imeshafunguliwa. Zangu ziko kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, mke wangu anacheka. Na daktari akimaliza kukupima, kanuni za huku zinamtaka akukabidhi karatasi ya namba zako bila kuombwa na bila malipo ya ziada. Ichukue. Mimi kwa karatasi hiyo nilinunua miwani ya akiba kwenye intaneti kwa dola 60. Ila umbali kati ya mboni na mboni, ambao duka la intaneti wanauuliza, hawalazimiki kukuandikia, na wangu hawakuuandika. Mke wangu akanipima kwa rula ya shule ya mtoto, mara tatu, akapata majibu matatu. Tukachukua la katikati.

Mpwa wangu nimemwambia aende akapimwe, anitumie picha ya karatasi ya namba na bei. Nitamtumia kwa simu, kutoka mshahara ambao IRS wameshachukua chao. Akajibu: "Sawa mjomba, ila fremu nichague mimi."

Dereva wa Tanga,
Houston, Texas