Kwa wanajumuiya mliohamia madunguni msimu huu wa mpunga

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Dominika iliyopita nilihesabu watu kanisani hapa kigangoni: akina mama wanne, watoto wa Kipaimara, na mimi na fimbo yangu. Ninyi wengine mko ng'ambo ya mto, juu ya madungu, vilingo vyenu vya shambani, mnawinga ndege. Siandiki kuwasuta. Nimekulia dunguni hukuhuku bonde la Kilombero, najua ndege hao, kweleakwelea, hawana Dominika. Wakitua asubuhi moja shamba halina mtu, mwenyewe anarudi anakuta masuke matupu, na ndicho chakula cha mwaka na ada ya shule.

Lakini kuna maneno mawili yamenifikia, nami sikulala. La kwanza ni la kijana mmoja: eti Mungu anajua tuko shamba, Dominika tutaziendeleza tukishavuna. La pili ni la mama mwenye kichanga cha wiki sita, aliyenipigia simu analia, akidhani ana dhambi ya mauti kwa kuwa hajaonja Misa tangu kabla ya Pasaka.

Mama huyo nilimjibu palepale. Katekisimu, namba 2181, inataja ugonjwa na malezi ya watoto wachanga kuwa sababu za haki za kukosa Misa. Anyonyeshe kwa amani. Na mitumbwi yenyewe, mto ukiwa umefura hivi, nani ampandishe mtoto humo?

Kijana ndiye nina kesi naye. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema hivi: Misa isipowezekana, kwa kukosa padre au kwa sababu nyingine nzito, waamini wanahimizwa sana washiriki Liturujia ya Neno, au wasali kwa muda wa kutosha, mtu peke yake, familia, au familia kadhaa pamoja. Msamaha ni wa safari, Dominika yenyewe haijaondolewa.

Marehemu baba hakuijua kanuni hiyo kwa namba, ila aliishika. Dungu letu lilikuwa na kamba ndefu zilizofungwa makopo yenye kokoto, zimetandazwa shamba zima. Dominika alivaa shati lake la kanisani, jeupe, na suruali ileile ya matope kwa maana nyingine hakuja nayo. Alisoma Injili kitabu kiko mapajani, kamba mkononi. Ndege wakishuka anavuta, makopo yanalia, anangoja watulie, kisha anarudi mwanzo wa mstari. Injili ya mpanzi tuliisikia siku moja hadi ndege waliokula mbegu njiani, makopo yakalia, mdogo wangu akaangua kicheko. Baba naye alicheka. Mpaka leo nikiisoma nasikia makopo.

Basi fanyeni hivyo. Chagueni saa moja isiyobadilika, bora ileile ambayo Misa inasomwa parokiani. Madungu yaliyo karibu yakutane kwenye moja. Ishara ya msalaba, sala ya kutubu, masomo ya Dominika hiyohiyo na si yale mnayoyapenda, kisha mnyamaze kidogo. Nasadiki. Waombeeni wagonjwa kwa majina. Baba Yetu. Halafu Komunyo ya tamaa: mwambie Yesu kwa maneno yako mwenyewe kwamba unamtamani na mto umekuzuia. Baba akiwa hayupo mama aongoze. Sielewi kwa nini wengine mnamngoja mwanamume asiyesoma vizuri wakati binti wa darasa la sita amekaa hapo.

Msiigize Misa. Nimeambiwa kuna dungu waliweka mkate na kikombe cha maji ya ubuyu mezani, mmoja akanyoosha mikono kama padre. Hapana, wanangu. Sala ya nyumbani ina heshima yake bila kuvaa kasula, vazi la padre, ya kuazima. Na wenye redio inayoishika Radio Maria, Misa isikilizwe mmekaa, si huku mnamenya mihogo. Hata hiyo ni ya kuvushia tu. Mwaka 2020, makanisa mengi duniani yakiwa yamefungwa, Papa Fransisko alisema Misa za mitandaoni ni za kutokea kwenye handaki, si za kubaki humo.

Ndiyo maana naomba mpange zamu. Wamisionari Wakatoliki walipoondoka Buganda, Uganda ya leo, Novemba 1882, wakavuka ziwa na kukaa Bukumbi, Mwanza ya leo, waongofu walibaki bila padre mpaka Julai 1885. Walisali majumbani, wakafundishana, wakawabatiza waliokuwa kufani. Padre aliporudi, Wakristo wa Mityana walikuwa mbali naye zaidi ya kilomita 60 za miguu. Walikwenda kwa zamu. Aliyekwenda akirudi anawasimulia waliobaki mafundisho yote. Wakina Matia Mulumba hao, Luka Baanabakintu na Noe Mawaggali, mashahidi wa Uganda mnaowaimba kila Juni 3.

Ninyi mnao mtumbwi. Mto ukipungua, kila dungu litoe mtu mmoja avuke Dominika hii, mwingine ijayo, na jirani amwangalizie kamba zake. Akirudi asiseme tu "Misa ilikuwa nzuri." Aeleze padre alihubiri nini.

Kuhusu kazi: kuwinga ndege hakukwepeki. Kukata fito za kihenge kunaweza kungoja Jumatatu.

Wagonjwa wasiojiweza niletewe majina kabla ya Alhamisi, nimpe paroko. Na aliyeazima Misale yangu ya Waamini kabla ya mafuriko, najua imelowa, nimesikia. Aitumie hivyohivyo huko, kurasa za Dominika za kawaida zitakuwa bado zinasomeka.

Mzee wenu,
katekista mstaafu